Ukuta wa Bi Sindano

Nyumba ya familia inauzwa. Ipo kijijini, inajitegemea, kiwanja kikubwa, ina nafasi ya kuboreshwa iwe ya kisasa. Hivyo ndivyo dalali alivyoandika na kusambaza kwenye simu za watu, na kwa kuwa hana haya alikuja mpaka uani kwangu kunisomea, akitaka nimsifie. Nikamwambia, mwanangu, umesahau kuandika kwamba ndani kuna mtu. Akacheka. Mimi watu hudhani nawatania hata ninapotafuta jiwe la kuwatupia.

Huyo mtu wa ndani ni wifi yangu, mke wa marehemu kaka yangu. Kijiji kizima kinamwita Bi Sindano, kwanza kwa ajili ya kazi yake, pili kwa ajili ya ulimi wake. Alishona sare za watoto wa shule tangu cherehani yake ikiwa mpya na yeye mwenyewe akiwa bi harusi. Ukimwona mwanamume hapa kijijini, ana ndevu zake na kitambi chake, anaongea kwa kujidai, jua kwamba kaptula yake ya kwanza ilipita mikononi mwa wifi yangu, na huenda siku ya kupimwa alirudishwa kwao akaoge kwanza. Kwa cherehani hiyo alisomesha watoto wawili, kifungua mimba wake wa kiume na kitinda mimba wake wa kike, mpaka wakapata kazi mjini na kusahau njia za vumbi. Siwalaumu kwa hilo. Ndicho alichowasomeshea.

Mimi na yeye hatukuanza kwa mapenzi. Nani aliwahi kuona mtu na wifi yake wakaanza kwa mapenzi? Alipoletwa nilimwambia kaka yangu kwamba ametuletea mrefu mno, mashuka hayatatosha. Yeye naye akasema sauti yangu inafaa kufukuzia ndege shambani. Tuliishi hivyo, nyumba yangu huku, yake kule, ua wa miti katikati, tukirushiana maneno juu ya ua kila asubuhi. Halafu tukazeeka, waliotuzunguka wakaondoka mmoja mmoja, tukajikuta hatuna mwingine wa kutukanana naye. Sijui kama hayo ni mapenzi. Mimi nayaita hivyo.

Kaka yangu alipofariki, baada ya msiba tulikaa kikao cha familia sebuleni mwake. Kifungua mimba alitaka nyumba iuzwe, mama yao akakae mjini. Wifi akasema hatoki. Maneno yakawa mengi, sauti zikapanda, mwishowe wakubwa wa ukoo wakakata shauri: mama atakaa katika nyumba yake mpaka siku atakaposhindwa kujihudumia mwenyewe. Siku hiyo ikifika, nyumba itauzwa na watoto watamchukua. Kila mtu akaitikia, na mimi nikaitikia kwa hii sauti yangu ya kufukuzia ndege. Ilionekana ni haki tupu. Hakuna aliyejua kwamba macho ya wifi yangu yalikuwa yameshaanza kuaga.

Niligundua kwa chai. Alikuwa ananimiminia huku akinisema kuhusu kuku wangu waliovuka ua, nikaona ameingiza kidole ndani ya kikombe. Nikafurahi, nimepata la kumsema mwezi mzima. Chai ilipofika kidoleni akaacha kumimina. Kikombe chake nacho akakijaza vivyo hivyo. Nikanyanyua mkono nikapunga mbele ya uso wake, naye akaendelea kunisema kuhusu kuku. Furaha yote ikaniishia. Nikamuuliza tangu lini.

Akaweka birika chini polepole, akasema, "Ukimwambia mtu, wifi, mimi na wewe basi."

Tulikwenda hospitali tukiwa tumeaga kwamba tunakwenda mazishini, na ili uongo usichechemee tukavaa nguo za msiba. Daktari akasema ni presha ya macho, imekula taratibu bila maumivu, na iliyokwenda imekwenda. Akatoa dawa ya matone ya kulinda kilichobaki. Kilichobaki kilikuwa mwanga tu: wifi yangu aliweza kujua dirisha liko upande gani, na kwamba kumekucha au kumekuchwa. Tuliporudi watu wakatupa pole, tukazipokea. Nikamnong'oneza kwamba hatukusema uongo mkubwa, maana kweli kuna kitu tumezika. Mara nyingine angecheka. Siku ile hakucheka.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo watu hunielewa vibaya. Ndani ya nyumba ile, wifi yangu hakuwa kipofu. Naapa. Nyumba ina ukumbi mrefu mwembamba kutoka mlango wa mbele hadi jikoni. Kulia ni vyumba, kushoto ni ukuta unaotenga sebule. Akiingia mlangoni, mkono wake ulikwenda juu kwenye msumari akatundika mkoba. Kisha kiganja kikashuka ukutani, na akatembea. Pale kaka yangu alipoziba ufa kwa saruji isiyolainishwa, alijua mlango wa chumba chake uko mkabala. Ukuta ulipokatika akajua ni uwazi wa sebule, hatua chache mbele kuna kiti chake cha mikono, chini ya dirisha. Ukuta ulipokwisha kabisa, kuna ngazi moja ya kushukia jikoni. Alikwenda mbio kuliko mimi ninayeona. Alipika, alifua, alipiga deki, alinifukuza. Cherehani tu ndiyo aliyoiacha, akasingizia mgongo.

Kwa kupita kila siku, kiganja chake kiliacha alama. Mstari mweusi, usawa wa kiuno, kutoka mlangoni hadi jikoni, unang'aa kwa mafuta ya mkono. Kitinda mimba akija kusalimia alikuwa anausugua kwa sabuni na kulalamika, hivi mama, ukuta huu unachafuliwa na nini? Mama yake akamjibu kwamba ni wajukuu wa shangazi yako, hawana adabu. Nikawatetea wajukuu wangu? Wapi. Nilikubali kwamba hawana adabu, nikaongeza na makosa mengine.

Tukawa mafundi wa uongo. Watoto wakipiga simu kwamba wanakuja, nilikwenda mapema nikaokota kila kitu cha kumkwaza. Yeye alimjua kila mmoja kwa hatua zake. Mtu akiingia tu, kabla hajaketi, Bi Sindano anamwambia amenawiri, na binadamu akiambiwa amenawiri hachunguzi ameonwa kwa macho gani. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata nilikuwa mimi peke yangu.

Halafu ndipo dalali akaja na tangazo lake. Kifungua mimba alisema ni kupima soko tu, si kuuza. Wakaanza kuja watu na magari yao, wanakanyaga ukumbini, wanabisha kuta kwa ngumi. Na nani aliwatembeza? Yeye mwenyewe! Alitangulia mbele, kiganja ukutani kama mtu anayeionea fahari nyumba yake, akafungua kila mlango, akamwambia mama mmoja mwenye viatu virefu ashuke taratibu, hapo kuna ngazi. Hakuna hata mmoja aliyeshuku. Wote walisema lile lile: giza, ukumbi mwembamba, ya kizamani hii. Wakaondoka. Wifi akakaa kwenye kiti chake na kuniambia, "Nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Na hawa hata uzuri wake hawatakaa waujue."

Dalali hakukata tamaa, dalali hana tamaa ya kukata. Akamshauri kifungua mimba kwamba wauvunje ule ukuta wa kushoto, sebule na ukumbi viwe kitu kimoja, waweke vigae na madirisha ya alumini, wapake rangi. Kijana akaja kumwambia mama yake. Na mniamini, hakuja kwa ubaya. Alisema hata isipouzwa, mama, angalau utakaa pazuri, umeishi gizani vya kutosha. Wifi akasema vumbi litamuua kifua. Akasema ukuta umebeba paa. Fundi akaletwa, akapanda juu, akashuka, akasema ukuta haujabeba chochote. Wifi akasema basi ulijengwa na baba yako. Kijana aliinama kidogo, akaaga, akaenda. Tukadhani tumeshinda. Wifi alinipikia siku ile, jambo ambalo hutokea kwa nadra.

Kumbe wenzetu walikuwa wamepanga kumshangaza. Kitinda mimba alikuja kumchukua, akamwone mjukuu mchanga, apumzike wiki mbili tatu. Wifi alikubali kwa sababu ya mtoto, na kwa sababu kukataa kumwona mjukuu kungeleta maswali. Akaniachia ufunguo na kuku wake. Alipopanda gari alinibana mkono kwa nguvu. Nikajua kule mjini atakuwa anatambaa na kuta za watu, atasema ni uchovu wa safari.

Nilisikia nyundo nikiwa najaza maji. Nikatupa ndoo. Nilipofika fundi alikuwa juu ya benchi, ameshaanza kuubomoa ukuta kutoka juu, anaimba zake, kijana mpole asiye na kosa. Nikamwamuru aache. Akauliza kuna nini. Nikasema ndani ya ukuta huo kuna nyoka. Akasema basi vizuri, atatoka. Nikasema marehemu kaka yangu aliusia usiguswe. Akasema mwenye kazi ni mtoto wa marehemu, bibi, mpigie yeye. Nikampigia.

Kifungua mimba hakunigombeza. Ingekuwa afadhali. Alisema kwa upole, "Shangazi, nipe sababu moja. Moja tu, na fundi nitamsimamisha sasa hivi."

Sababu nilikuwa nayo. Ilikuwa imekaa mdomoni, inataka kutoka, na mimi mdomo wangu haujawahi kuwa na mlango. Nikamwambia namrudia baada ya muda. Nikakata, nikampigia wifi yangu.

"Wifi, wanabomoa ukuta wako."

Nyuma yake nilisikia kichanga kinalia na mtu anakibembeleza.

"Wamefika wapi?"

"Juu wameshatoa. Chini bado, mstari wako upo. Mwanao anataka sababu. Niseme? Wifi, nakuuliza, niseme?"

Alishusha sauti, nadhani binti alikuwa karibu. "Ukisema, ukuta utabaki na mimi nitaondoka. Nyamaza. Nitajifunza upya."

Nikanyamaza. Nilikaa nje juu ya tofali, nikasikiliza kila pigo. Hasira niliyokuwa nayo siku ile sijui hata ilikuwa ya nani: ya mtoto, ya dalali, ya wifi na kiburi chake, ya Mungu aliyempa mtu macho kisha akayadai kabla hajafa. Vifusi wakavibeba kwenda kufukia shimo la barabarani. Nilivipita jioni. Vipande vingine vilikuwa na ule weusi, umekatikakatika, mvua ikija watu watavikanyaga.

Siku ya kumrudisha walikuja wote. Nyumba inanukia rangi, kila kitu kinang'aa, samani zimepangwa upya. Kitinda mimba alikuwa na simu tayari ampige mama yake picha akishangaa. Nilisimama karibu na mlango nikamwambia wifi kwa sauti, ili asikie, karibu kwenye sebule yako kubwa, kiti chako wamekihamishia huko mwisho. Lakini watoto walikuwa wanapiga makofi, na sauti yangu, hii hii ya kufukuzia ndege, ikamezwa.

Aliingia kwa madaha yake. Mkono ukaenda juu kutundika mkoba. Msumari haukuwepo. Mkoba ukaanguka kwenye vigae, vifungo na chupa ya matone vikatawanyika, naye akacheka, akasema uzee huu. Akanyoosha kiganja kushoto. Nilikiona kile kiganja kikiutafuta ukuta, kikaenda mbali zaidi, kikarudi. Akatabasamu.

"Pazuri," alisema. "Mmepaka rangi nzuri. Nyeupe inaleta mwanga."

Walikuwa wamepaka kijani. Watoto wakatazamana, wakacheka kidogo, wakidhani ni zile dhihaka zake. Yeye akahesabu moyoni, nikajua anahesabu, akapiga hatua zake mpaka pale uwazi wa sebule ulipokuwa, akageuka, akasogea hadi chini ya dirisha. Akajiweka sawa, akashika gauni lake kama anavyofanya siku zote, akaketi. Hakukuwa na kiti.

Jamani, mtu mzima kuanguka ni kitu kibaya. Alianguka kwa makalio na kisogo kikagonga ukuta. Hakulia. Alikaa pale sakafuni, miguu mbele kama mtoto, na kwa ile sauti yake ya kufokea wanafunzi siku ya kupimwa sare akauliza, "Nani amehamisha kiti?"

Kiti kilikuwa upande wa pili wa chumba, kinaonekana na kila mtu. Kifungua mimba alipiga magoti mbele yake. Alimtazama muda mrefu. Kisha akanyanyua mkono, akaupunga mbele ya uso wa mama yake, vile vile nilivyofanya mimi siku ya chai. Dada yake akaangusha simu na kuangua kilio.

"Shangazi," kifungua mimba alisema bila kugeuka, "ulijua?"

"Nilijua."

"Ungeniambia, ukuta ningeuacha."

"Na nyumba je? Ungeiacha?"

Hakunijibu. Nilitaka anijibu. Mpaka leo nataka.

Wifi alisimama mwenyewe, akakataa mikono yetu. Akasema waache kulia, hajafa, anakwenda kuwapikia chai. Akaondoka kuelekea jikoni. Lile lilikuwa jaribio lake, na sote tulilijua. Alipiga hatua, akapiga nyingine, vigae vinateleza, mikono mbele, hakuna cha kugusa huku wala huku. Kufika katikati ya ule uwazi alisimama. Akageuka kidogo kulia. Akageuka kushoto. Alikuwa amepotea, kwenye nyumba aliyozalia watoto, na watoto wenyewe wanamtazama.

"Wifi," aliita. Nikaitika. "Hebu nishike mkono. Jikoni ni wapi?"

Miaka yote ile hakuwahi kuniuliza chochote kwa unyenyekevu. Nilimshika. Kiganja kilikuwa cha baridi, kigumu upande mmoja kwa kukwaruzana na ukuta. Kifungua mimba akaja nyuma yetu, machozi yanamtoka kweli, si ya kuigiza, akayasema yale maneno ya kikao. Kwamba mama, tulikubaliana. Siku utakaposhindwa.

Nilingoja amchome. Nilingoja ile sindano. Akasema tu, "Uzeni. Hii siijui."

Dalali hakukawia. Nyumba ilipendwa na mtu wa kwanza aliyeiona, akasema ina nafasi, ina mwanga. Ni mtu wa mjini, ameinunua ya kupumzikia, na kupumzika kwenyewe hajaja. Imefungwa kwa kufuli. Kuku wa wifi niko nao, wanavuka ua kwenda kule kila asubuhi, na hakuna wa kunisema.

Yeye yuko kwa kitinda mimba, ghorofani. Anapendwa, anaogeshwa, analishwa, sina la kuwasema. Lakini nilikwenda kumwona. Dirisha la chumba chake linatazama ukuta wa jengo la pili, karibu unaweza kuugusa, na taa inawaka mchana na usiku kwa ajili ya mtoto. Ule mwanga wake kidogo uliobaki haumwambii kitu tena. Amekaa kitandani, mikono mapajani. Nilimtania kwamba amenawiri. Akasema asante.

Siku hizi ananipigia simu mimi. Ana swali moja tu la kuniuliza, hata nyumba haiulizi. Jana alipiga jua likiwa utosini, nimeinjika chakula cha mchana. Akauliza, "Wifi, huko kumekucha?"

Ningemwambia nini? Nikamwambia kumekucha.

Akasema, "Basi ngoja niamke."

Nikasubiri nisikie kitanda, nisikie hatua. Sikusikia kitu ila pumzi zake. Alikuwa bado ameishika simu.